Anayesubiri lori usiku si mzururaji

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kazini mpaka sasa nimestaafu, na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu watu waliokamatwa usiku Kariakoo na Ilala imenishinda kunyamazia. Kichwa cha habari kimewaita wazururaji. Ukisoma mpaka mwisho, hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa anafanya kazi gani wala ametokea wapi. Picha mmeweka, na nyuso zinaonekana.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama. Neno hilo nimelipitia kwenye hati za mashtaka miaka mingi, uzito wake naujua. Nyumbani mama anamwambia mwanawe "acha kuzurura", na yanaishia hapo. Mahakamani uzururaji ni kosa la jinai, limo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 176 na 177, na mtu anafungwa kwa hilo. Mwizi mnamwandika "anatuhumiwa kuiba". Huyu aliyekutwa amelala kibarazani mbona mmemhukumu kabla hakimu hajamwona?

Mpwa wangu ni kuli soko la Ilala. Malori ya nyanya na vitunguu yanaingia usiku, na anayetaka kushusha mzigo lazima awepo yanapofika. Kwa hiyo vijana wanajilaza kwenye vibaraza vya maduka, wametandika maboksi, na lile gunia la kuwekea begani ndilo mto. Mwaka jana alikamatwa hapo. Akaulizwa anafanya nini, akasema nasubiri lori. Lori la nani? Akasema hajui la nani, litakalokuja. Na ndio ukweli wenyewe, kuli hawezi kujua lori la nani! Wakaona hana maelezo, wakampakia kwenye gari pamoja na wenzake. Alilala ndani siku mbili, akaachiwa bila kusomewa shtaka lolote. Bega lake la kulia limeota sugu la kubebea matenga, nyama imekuwa ngumu kama kisigino. Aliyetaka kujua kama kijana ana kazi angemwambia avue shati tu. Lakini habari zilikuwa zimeshafika kijijini. Dada yangu akanipigia simu analia: "Kaka, mtoto ameanza kuiba?" Siwezi kumlaumu, maana hicho kifungu cha 177 chenyewe kinawatia wazururaji kapu moja na watu wanaodhaniwa kuwa wezi. Mpaka leo kijana anaona aibu kwenda kusalimia kwao.

Hatukuanza jana. Mkoloni alipowaona vijana wasio na ajira hapa Dar es Salaam aliwaita wahuni, akawarudisha makwao kwa nguvu. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa umri wangu wanakumbuka jinsi asiye na kitambulisho cha kazi alivyopandishwa gari kupelekwa shamba. Sheria hizi za uzururaji asili yake ni Uingereza, sheria yao ya mwaka 1824. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa nchini, Arusha, ilishatoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hii zinakiuka haki za watu, na nchi zilizo nazo zizirekebishe au zizifute. Habari yenu ingetenga hata mstari mmoja kwa hilo, wasomaji wangefaidika.

Halafu wapo wanaosema vijana wakapange vyumba. Chumba gani? Huku kwetu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango tu. Kuli analipwa kwa tenga, hela ya miezi sita ataishika lini? Anayeweza kulipa wiki kwa wiki hakuna anayempangisha. Juzi mtaani kwetu dalali kachukua fedha za watu wawili kwa chumba kimoja, na sasa simu yake haipokelewi. Hayo ndiyo yanayolaza watu nje, na hayo hamyaandiki.

Ombi langu ni hili. Neno mzururaji lichapwe pale tu penye hati ya mashtaka, na namba ya kifungu iandikwe pembeni yake. Kwingine kote andikeni watu wanaolala nje, maana hicho ndicho mwandishi wenu alichokiona kwa macho. Na kabla hajaandika tena, afike Ilala saa nane usiku, akae pale kibarazani mpaka alfajiri, na amuulize kila mmoja anafanya kazi gani. Zile picha za nyuso nazo mziondoe kwenye mtandao wenu leo hii.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ilala, Dar es Salaam