Tuulize hasara atabeba nani

Mhariri,

Kila unapotangazwa mfuko mpya wa kuwainua wafanyabiashara wadogo katika maeneo yaliyosahauliwa, kichwa cha habari hutanguliza tarakimu: mabilioni kadhaa, watu laki kadhaa watakaonufaika. Waandishi wako huzinukuu kwa uaminifu, nami siwalaumu. Ila kuna swali ambalo sijaona likiulizwa: biashara ikiyumba, hasara atabeba nani?

Karibu kila mara anayeibeba ni mkopaji peke yake. Fedha zinazoitwa mtaji wa wanyonge huwa ni mikopo ya muda mfupi, yenye riba, na rejesho la kwanza hudaiwa kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi. Sizungumzii ile mikopo ya kausha damu tu. Hata mkopo wa riba nafuu, wenye nembo ya serikali, huwa na tabia hiyohiyo.

Nimewatunzia watu wenye biashara ndogo vitabu vya hesabu kwa muda mrefu, na naijua vizuri hesabu ambayo mkopaji huipiga kichwani. Seremala anataka mashine ya kuranda mbao. Ikija, itahitaji kufungwa, kuunganishwa umeme, na yeye mwenyewe kuizoea; faida itaanza kuonekana baada ya miezi kadhaa. Marejesho yanaanza baada ya wiki mbili. Basi anaiacha mashine, ananunua bidhaa za kuuza harakaharaka, kwa sababu ndizo pekee zinazoweza kutoa rejesho la wiki hiyo. Jirani yake naye amefanya hivyohivyo. Mtaa mzima unajaa wauzaji wa vitu vilevile wanaonyang'anyana wateja walewale, halafu watu wa semina wanakuja kuwaambia kwamba tatizo lao ni kukosa ubunifu!

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2013 jarida la American Economic Review lilichapisha utafiti uliofanyika Kolkata, India. Baadhi ya wakopaji walianza kulipa baada ya wiki mbili kama ilivyozoeleka, wengine wakapewa miezi miwili ya neema. Waliopewa neema waliwekeza zaidi katika biashara, na miaka mitatu hivi baadaye faida yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Lakini pia miongoni mwao walioshindwa kulipa walikuwa wengi zaidi, na hapo ndipo penye mgogoro wenyewe. Fedha inayomwachia mtu nafasi ya kujaribu kitu cha maana ni fedha inayoweza kupotea. Mkopeshaji hataki ipotee, kwa hiyo anambana mkopaji abaki na kidogo kisicho na hatari.

Ukijua hivyo, matokeo ya mwaka 2015 hayakushangazi. Watafiti waliolinganisha majaribio ya mikopo midogo katika nchi sita, yaani Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, walikuta manufaa madogo, si mageuzi ya maisha yaliyokuwa yakihubiriwa tangu Benki ya Grameen, ile ya kuwakopesha maskini mikopo midogo, ilipoanzishwa rasmi huko Bangladesh mwaka 1983. Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema kumbe wadogo hawana pa kutumia mtaji. Hilo si kweli. Nchini Sri Lanka wamiliki wa biashara ndogo sana walipewa ruzuku kwa bahati nasibu, bila deni lolote, na mtaji huo ukazalisha wastani wa takriban asilimia 5 kwa mwezi. Ni benki gani inalipa hivyo? (Kwa wanawake ongezeko hilo la faida halikuonekana, jambo linalostahili barua yake peke yake, maana fedha ya mwanamke hukutana na mahitaji mengi kabla ya kuifikia biashara.)

Zipo namna za kugawana hasara, na nyingine ni za kale. Wafanyabiashara Waislamu wamekuwa na mudaraba na musharaka kwa karne nyingi: katika mudaraba mwenye fedha anaingia ubia na mwenye kazi, katika musharaka wabia wote hutoa mtaji; faida inagawanywa kwa uwiano uliokubaliwa, hasara ya mtaji inamwangukia aliyeutoa. Siku hizi wako wawekezaji wanaolipwa asilimia fulani ya mauzo ya kila mwezi hadi kiasi walichoafikiana kitimie. Mwezi mbaya, malipo yanapungua. Na serikali inaweza kumdhamini mkopaji ili akishindwa, sehemu ya deni ilipwe na mfuko wa udhamini badala ya nyumba yake kupigwa mnada. Hizi hisa za wawekezaji wakubwa wanaosaka kampuni ya kukua mara kumi na kisha kuuzwa sizihesabu, kwa sababu karakana ya mtaani haijengwi ili iuzwe.

Ubia una sharti lake, nalo ni vitabu. Huwezi kugawana faida ambayo hakuna aliyeiandika. Wenye biashara wengi hukwepa kuweka hesabu, wengine kwa kuogopa kodi, wengine kwa sababu hawajawahi kupata faida yoyote kutokana na kuziweka. Kwa hiyo ningependa kuona sehemu ya kila mfuko ikitengwa kuwalipa watunza hesabu. Naam, najua nina maslahi katika pendekezo hilo.

Kisha kuna suala la mahali. Benki hupokea akiba za watu wa mitaa maskini bila kinyongo, ila inapofika zamu ya kukopesha, fedha hizo huhamia kwenye mitaa yenye hati za ardhi zenye thamani. Marekani inatoa funzo la pande zote mbili. Katika miaka ya 1930 wakala wa serikali ya huko ulichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari, ikiwemo mitaa mingi ya watu weusi, na ubaguzi wa namna hiyo katika ukopeshaji ukawanyima watu mikopo kwa miongo mingi. Mwaka 1977 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzikagua benki kama zinakidhi mahitaji ya mikopo ya maeneo yote zinakofanyia kazi, yakiwemo ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 1994 ukaanzishwa mfuko wa kuzisaidia taasisi za fedha zinazohudumia jamii hizo. Hayo hayakumaliza ubaguzi, lakini yaliwapa wananchi cha kushika mkononi wanapoidai benki maelezo.

Takwimu nazo hazitolewi kwa hiari. Sheria ya mwaka 2010 ya huko huko Marekani iliagiza wakopeshaji wakusanye taarifa za mikopo ya biashara ndogo, ikiwemo inayoombwa na wanawake na watu wa jamii za wachache. Kanuni ya kuitekeleza ilikamilika mwaka 2023. Miaka kumi na mitatu kwa jambo la kujaza fomu!

Kwa hiyo naomba, Mhariri, waandishi wako wanapoitwa tena kwenye uzinduzi wa mfuko, wabebe maswali manne. Rejesho la kwanza linaanza lini? Anayekosa hati ya ardhi anaweka dhamana gani? Biashara ikifa kwa sababu zisizo za uzembe, nani anapoteza, na kiasi gani? Na baada ya mwaka, je, itachapishwa orodha ya mitaa iliyofikiwa na ya aina za biashara, au tutaonyeshwa jumla peke yake? Msemaji akisema majibu yako kwenye tovuti, mwandishi aifungue palepale ukumbini, na tusomewe gazetini alichokikuta.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi