Mtoto wa miaka 10 kule Disney World si mtoto tena: tuhesabu kabla ya kulipia pakeji ya chakula

Mhariri,

Jana kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi wa shule yetu mama mmoja ametuma tangazo la ajenti wa safari hapa tao, ati watu waanze kulipia safari ya 2026 ya Walt Disney World, ile sehemu kubwa ya burudani kule Florida, Marekani, watoto wanakula bure, chakula chote kimeshalipiwa, wewe ni kubeba begi tu. Wazazi wakaanza kuulizana diposti ni ngapi. Nikanyamaza kwanza, halafu nikaona kunyamaza si vizuri kwa sababu sisi tulienda, hiyo pakeji ya chakula tukailipia, na kama kungekuwa na mtu wa kutukalisha chini atueleze tungefanya tofauti kabisa.

Hiyo ya watoto kula bure si uongo. Disney wenyewe wametangaza kwamba 2026 mtoto wa miaka 3 mpaka 9 anapata pakeji ya chakula bila malipo kama watu wazima alio nao wamenunua yao pamoja na chumba na tiketi. Lakini soma hapo tena, miaka 3 mpaka 9. Akitimiza 10 tu, kwa hesabu ya chakula ni mtu mzima, analipa bei ya babake. Na aliye chini ya miaka 3 hayumo kabisa, anakula kwa sahani ya mzazi.

Sisi tulienda Agosti 2024 shule zikiwa zimefungwa. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, kijana wetu aliyekuwa ametimiza 10 Juni, msichana wa miaka 6, na mama mkwe, watoto wanamwita shosho. Hiyo pesa tuliidunduliza kwa chama cha kuweka akiba miaka minne, na shemeji yangu anayeishi Atlanta akaongezea. Pakeji ziko mbili, kubwa na ndogo, na sisi tulichukua ile kubwa. Bei yake wakati huo ilikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima kila usiku, na mtoto 29.69. Kwa shilingi ya wakati huo, kama 129 kwa dola, kijana wangu alilipiwa zaidi ya 12,000 kila usiku na dadake chini ya 4,000. Na wote wawili wakikaa chini wanataka kitu kimoja, kuku na chipsi! Usiku tano, watu watano, chakula peke yake kikafika kama 262,000. Ajenti wetu hakutuambia hata siku moja kwamba kijana anahesabiwa mtu mzima, tuliona jumla tu kwa invoisi tukadhani hivyo ndivyo bei za Marekani zilivyo.

Sasa wacha nieleze hiyo pakeji inafanyaje kazi maana hapo ndipo wengi wanapotea. Si kwamba unakula chochote wakati wowote. Unapewa hesabu ya milo kulingana na usiku utakaolala. Ile kubwa kila mtu kwa kila usiku anapata mlo mmoja wa kukaa mezani na kuhudumiwa, mlo mmoja wa kaunta ule wa kujichukulia, na kitafunio kimoja, halafu kwa safari yote anapewa kikombe kimoja cha plastiki cha kujaza soda au chai pale hoteli mnapolala. Ile ndogo ni milo miwili ya kaunta na kitafunio kwa kila usiku, pamoja na kikombe hicho hicho kimoja, hiyo ilikuwa dola 57.01 mtu mzima na 23.83 mtoto. Kwa hivyo zote mbili ni milo miwili kwa siku, si mitatu. Mlo wa tatu ni mfuko wako. Bakshishi ya wahudumu nayo mara nyingi haimo, na kule asilimia 15 mpaka 20 ndiyo kawaida, usipotoa unaonekana mtu mbaya. Halafu kuna zile restorani za hadhi ya juu ambazo mlo mmoja unakukata milo miwili ya meza. Na kitu ambacho hujakula kufikia usiku wa manane siku unayotoka hoteli, kimeenda, hakuna kurudishiwa.

Kingine, kila mtu wa miaka 3 na zaidi kwa buking yenu lazima awe kwa pakeji ile ile. Huwezi kusema baba na watoto walipiwe, shosho aachwe. Na shosho yetu ni mtu wa chai ya maziwa asubuhi na kipande cha mkate, jioni anakula vijiko vichache anasema ameshiba. Huyo mama tulimlipia 12,000 kwa usiku. Alipojua, siku ya pili, alilia. Hakukasirika, alilia tu, akasema hiyo pesa ya siku moja ingelipia mfanyakazi wa shamba kule nyumbani mwezi mzima. Tangu hapo akawa anajilazimisha kumaliza sahani, na mimi nikimwona vile anatafuna nyama ambayo haitaki ndio roho ikaniuma zaidi kuliko hata pesa yenyewe.

Hiyo milo ya meza nayo inataka kubukiwa mapema, unaruhusiwa kuanza siku 60 kabla ya kufika. Ajenti alichukua pesa akanyamaza. Tulipofika tukaanza kuuliza sehemu za kula na wale wahusika wa katuni, kile ndicho msichana alikuwa anaota, zimejaa. Tukawa tunaingia mahali pa kula saa tisa na nusu mchana kwa sababu ndiyo nafasi imebaki, watoto washachoka na jua la Agosti, Florida mwezi huo ni joto la Mombasa na mvua ya ghafla kila alasiri, na ukikaa mezani na kuhudumiwa ni kama saa moja na zaidi imeenda, saa ambayo umelipia tiketi ya kuingia pale. Kati ya milo 25 ya meza tuliyolipia tulikula 16.

Usiku wa mwisho mimi na kijana tulishuka pale duka la hoteli karibu saa nne tukiwa na vitafunio 14 havijatumika. Tukachukua biskuti, chupa za maji, pakiti za bisi, matofaa mawili, kijana akashika shati lake hivi kama kikapu nikawa namtilia. Tukapanda juu tukamwaga kila kitu kitandani, shosho akaanza kupanga kwa mafungu kama mtu anayepanga nyanya sokoni, fungu la huyu, fungu la yule. Yale matofaa hata hatukuyabeba. Kile kikombe cha shosho kiko hapa jikoni kwangu, naweka miiko.

Tena siku ya tatu ndio shemeji alituambia kwamba mtu anaruhusiwa kuingia na chakula chake mwenyewe, mradi si pombe wala chupa za glasi, na kwa zile kaunta ukiomba maji ya barafu unapewa kikombe bure. Sisi tulikuwa tunanunua maji! Siku ya nne tukaenda na mkate, mayai ya kuchemsha na ndizi kwa mkoba, tukakaa kivulini, na watoto mpaka leo hiyo ndiyo siku wanayosimulia.

Sisemi hiyo pakeji ni mbaya kwa kila mtu. Kuna familia inawafaa sana. Kama watoto wako wako chini ya 10, na nyinyi ni watu wa kukaa mezani na kula vizuri, na umebuki mapema zile bufee za wahusika wa katuni ambazo zina bei ghali lakini zinakatwa mlo mmoja tu, na mtu mzima anapenda glasi ya divai au bia kwa chakula kwa sababu kinywaji hicho kimo ndani kwa mwenye miaka 21 na zaidi, basi utapata thamani ya pesa yako. Pia kuna mtu ambaye akishalipa kila kitu mbele anatulia, haangalii bei ya kila baga akibadilisha dola kwa kichwa, na huo utulivu si kitu kidogo ukiwa likizo. Lakini sisi tungechukua ile ndogo tungebaki na kama laki moja, na tusingechukua yoyote nafikiri tungebaki na zaidi, kwa vile tunavyokula sisi.

Hata hapa kwetu ni hayo hayo. Watu wanaenda Diani, kule Pwani, Desemba wanalipia ful bodi, yaani milo yote mitatu ya hoteli, halafu asubuhi wanatoka kwenda kisiwa cha Wasini kuangalia pomboo, ambako chakula cha mchana mara nyingi kimo kwa bei ya ile safari, kwa hivyo lanchi ya hoteli mmelipia na mko baharini. Kama mnapanga kutoka kila siku, hafu bodi, ile isiyo na lanchi, inatosha, au uliza kama wanaweza kuwafungia chakula mbebe. Ful bodi ni ya wale watakaoshinda bwawani na ufukweni pale pale.

Ninachoomba, Mhariri, ni maajenti wetu wa Nairobi wawe wanauliza umri wa kila mtoto siku ya kusafiri, waandike kwa invoisi bei ya chakula ya kila mtu peke yake badala ya jumla moja, wamwambie mteja ni milo mingapi kwa siku, na kama wamechukua pesa ya milo ya meza basi zile siku 60 wazifuate wenyewe. Na sisi wazazi kabla ya kutuma hata shilingi tuchukue wiki moja tuandike kwa karatasi kila mtu wa nyumba amekula nini na amebakisha nini. Mimi ningeandika hiyo karatasi, jina la shosho lingenionyesha kila kitu.

Leo mchana nimempigia yule mama wa grupu. Wamepanga kusafiri Agosti, na kifungua mimba wake anatimiza 10 Februari. Alikuwa hajui. Amesema diposti haitumi mpaka ajenti amjibu kwa maandishi.

Mama wa watoto wawili,
Donholm, Nairobi