Karatasi ibaki mkononi mwa aliyetoa damu

Bwana Mhariri,

Mimi ni reko, yaani mjitolea wa afya wa mtaani, katika kartie ya Majengo, hapa Goma. Watu wa avenyu yetu hunifungulia mlango kwa sababu matone ya polio watoto wao waliyapata nikiwepo. Kwa hiyo walipokuja wachunguzi wa ankete moja, yaani utafiti, ya afya, mimi ndiye niliyewatembeza siku nne, nyumba kwa nyumba. Walitoa damu, wakauliza maswali, wakaacha vipande viwili vya sabuni. Fomu ya kukubali ilikuwa ya Kifaransa. Kijana mmoja aliieleza kwa Kiswahili, mbio mbio, mwenzake ameshafungua sindano. Jirani yangu, mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akatia dole. Kisha karatasi ikarudi ndani ya sakoshi, mkoba wa wachunguzi, pamoja na zingine zote.

Karatasi ile iliandikwa kwamba mtu anaweza kujitoa wakati wowote. Chini kulikuwa na namba ya simu ya komite ya etike, wale wanaopitisha utafiti na kulinda haki za wanaoshiriki. Niliiona kwa macho yangu. Mama yule ataipigiaje, na sakoshi imeshaondoka?

Utafiti siupingi hata kidogo. Majaribio ya dawa nne za Ebola yaliyoanza Novemba 2018 kwetu Kivu Kaskazini yalikatishwa Agosti 2019, kwa kuwa komite huru iliyokuwa ikifuatilia matokeo iliona dawa mbili zinaokoa watu wengi zaidi. Moja ya hizo mbili chanzo chake ni damu ya mtu aliyepona Ebola iliyozuka mji wa Kikwit, hapa Kongo, mwaka 1995. Novemba 2019 chanjo ya dozi mbili, zinazoachana siku 56, ikaanza kutolewa kwa utafiti hapahapa Majengo na Kahembe. Najua damu ya mtu mmoja inaweza kufika wapi ikiwa kuna anayeisimamia.

Tamko la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linataka aliyeshiriki apewe nafasi ya kujulishwa matokeo. Mama wa sambaza aliniuliza mara nyingi: "Papa Furaha, damu yangu ilisema nini?" Sikuwa na jibu. Juzi nimepita na kampeni ya chanjo, akanijibu kupitia dirishani kwamba watoto hawapo. Nilikuwa nasikia sauti zao.

Naziomba komite za etike zisipitishe ankete yoyote isiyo na fomu mbili, kwa Kiswahili tunachosema hapa, moja ibaki nyumbani kwa mtu. Na mjumbe mmoja wa komite ashuke avenyu siku sindano inapofunguliwa, bila kutangaza, akae kwenye kiti cha jirani asikilize fomu inavyoelezwa. Kusoma protokole, yaani mpango wa utafiti, ofisini hakutoshi.

Mchunguzi atakayenifuata tena, nitamwomba kwanza ile fomu ya pili. Asipokuwa nayo, sibishi mlango wa mtu.

Reko wa Majengo,
Goma