Msiwafunze watoto Kingereza kwa orodha ya maneno

Kwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa masomo naufuata kila ukitoka na mara nyingi nashukuru, lakini lile zoezi la Kingereza la juzi kuhusu perfekti tensi, yaani zile za "has left" na "had left", limenikera. Mumeandika ati ukiona "just", "already", "since" na "for" weka perfekti, ukiona "yesterday" na "ago" weka wakati uliopita, kwisha maneno. Mtoto anaikariri ile orodha vizuri tu, halafu mtihanini anapewa sentensi isiyokuwa na neno hata moja kati ya hayo anabaki kutumbua macho.

Na lile swali la nne ndo limenimaliza kabisa. "The ferry ... when we got to Likoni", jibu mnasema ni "had left" na aliyeandika "left" kakosa. Kakosa kivipi? Ukisema "had left" ni kwamba mulifika mukakuta feri ishaondoka, mumebaki pale na mizigo yenu mwaiangalia inavuka. Ukisema "left" ni kwamba mulifika na papo hapo ikang'oa, pengine na nyinyi mumo ndani. Zote mbili ni Kingereza safi, inategemea siku ile ilikuwaje, na hiyo habari ya ilikuwaje hamkumpa mtoto, sasa yeye ajue vipi? Ameonewa tu.

Jambo lenyewe wala si gumu vile watu wanavyolitia uzito. Kuna Mjerumani mmoja mwanafalsafa, Hans Reichenbach, alisomesha Berlin, baadaye Istanbul, akaishia California, mwaka 1947 alieleza kwamba ukitaka kuelewa tensi tazama nukta tatu: pale unaposema, pale tendo lilipotendeka, na pale unaposimama kulitazama hilo tendo. Hiyo ya tatu ndo husahauliwa. "The ferry left", unasema saa hii lakini macho umeyapeleka kulekule nyuma, wakati uleule ilipoondoka. "The ferry has left", kuondoka ni kulekule nyuma lakini wewe umesimama hapa sasa, feri haipo, tufanyeje. "The ferry had left", umejirudisha mpaka pale mulipofika Likoni na kutoka pale watazama nyuma zaidi. Chora mstari ubaoni utie vitone vitatu, mtoto wa darasa la sita anaelewa.

Tena anaelewa upesi manake hayo mambo anayo tayari. Mtoto wa Kisauni kabla hajaingia skuli ashasema "tulipofika feri ilikuwa ishaondoka", ashasema "ikifika Idi fundi atakuwa ameshamaliza kanzu", na hakuna aliyemkalisha chini kumfunza. Hebu hiyo ya Idi itazameni vizuri, kwa Kingereza "By Idd the tailor will have finished". Unaposimama ni Idi, na kazi iwe imekwisha kabla ya hapo, basi. Lini? Sentensi haisemi. Pengine fundi ataimaliza wiki ijayo, pengine alimaliza jana na kanzu zishapigwa pasi ziko kwenye hanga, na maneno yako yatabaki kuwa kweli vilevile. Watu wengi wanadhani tensi ya mbele ni lazima tendo liwe mbele, kumbe kinachokuwa mbele ni pale ulipojiweka kutazamia. Ile orodha yenu haiwezi kumfikisha mtoto hapo hata aikariri mwaka mzima.

Lakini nukta peke yake nazo hazitoshi, na hapa ndo penye utamu wenyewe. Chukua "I have been to the market this morning". Saa nne umetoka Kongowea na sukuma wiki yako mkononi, sema, hakuna kosa, asubuhi bado ipo. Saa kumi alasiri huisemi tena hivo, utasema "I went", manake asubuhi ishafunga. Neno ni lilelile "this morning", tensi imegeuka. Kwa hivyo perfekti inataka kipande cha muda kinachoanzia huko nyuma kikaja mpaka kikagusa pale uliposimama. "Since" kazi yake ni kutaja mwanzo wa kile kipande, "Madaraka Express has run since 2017", ile treni yetu ya Nairobi, mwanzo ni 2017, mwisho ni leo unaposema. "Yesterday" imezibwa huku na huku, haikugusi kokote, ndo Kingereza kinakataa "I have seen him yesterday". Na hapa kweli sisi lazima tumtahadharishe mtoto, kwa sababu Mombasa tunasema "nimemuona jana" na hakuna anayeshtuka, ni maneno yetu na yako sawa. Mwambieni waziwazi kwamba Kiswahili chetu kinaruhusu, Kingereza hakiruhusu, na sababu ni hiyo.

Sasa ukija kwenye "had" marufuku yenyewe inaondoka. "The ship had docked on Monday" inapita bila shida, tena ina maana mbili: ilitia nanga Jumatatu, ama ilipofika Jumatatu ilikuwa ishatia nanga siku nyingi. Muulize wakala yeyote wa kutoa mizigo Kilindini kama hizo mbili ni sawa, atakuonyesha bili ya storeji.

Kuhusu "for" nina ushahidi wa kila siku, mimi kazi yangu ni kuchapia watu sivii na barua za kazi kwenye saiba hapa Mwembe Tayari. Kijana ameacha kazi hoteli moja ya Bamburi, anakuja na karatasi ameandika "I have worked there for three years", kwa nini, kwa sababu skuli aliambiwa "for" ni perfekti. Anayeisoma anaelewa bado yuko kazini, anampigia simu kumuuliza akipewa nafasi atatoa notisi ya muda gani, kijana anaanza kubabaika na yule kule anaona huyu ni muongo. Ilikuwa aandike "I worked there for three years" tu. "For" inataja urefu, haikwambii huo urefu umeishia wapi. Kosa hili nalirekebisha mpaka nimechoka, na wenye nalo si wajinga, wengine wana dipiloma.

Kuna na lingine la kuchekesha. Jaribu kusema "Vasco da Gama has visited Mombasa". Alikuja kweli, 1498, lakini sentensi inaudhi masikio, ni kama jamaa yuko hai na huenda akarudi. Wataalamu wa lugha wana mfano wao maarufu, "Einstein has visited Princeton", na Einstein alishakufa zamani, jambo ni hilohilo: unapomzungumzia marehemu kipande cha maisha yake kishakatika, hakifiki sasa. Ila ukisema "Mombasa has been visited by many sailors, Vasco da Gama among them" inakubalika, kwa sababu sasa unazungumzia mji na mji bado upo. Maneno karibu ni yaleyale, umebadilisha tu habari ni ya nani.

Na hata hayo maneno ya orodha hayakubaliwi sawa na wenye lugha wenyewe, Mmarekani husema "Did you eat yet?" bila kuona haya, Muingereza atakwambia "Have you eaten yet?". Hapo mtoto amfuate nani?

Ninachowaomba ni kwamba zoezi lijalo kila swali litanguliwe na sentensi mbili tatu za kumuonyesha mtoto amesimama wapi na muda umefungwa ama uko wazi. Na lile swali la nne mulirudie mulisahihishe, tena musilifiche kona ya chini, kuna watoto mtaani kwetu walilikata wakalibandika daftarini wakijua jibu ni moja.

Mchapaji wa saiba,
Mwembe Tayari, Mombasa