Yaya, ule mstari wa mwisho hatukuusoma

Yaya,

Jambo sana, na pole na soko. (Wasomaji wa Dar na Mombasa msishangae: kwetu Bukavu yaya ni dada mkubwa, si mtu wa kulea watoto wa wengine.) Nakupigia tangu Jumapili, hupokei. Basi naandika hapa, ambapo kitinda mimba wako huwa anapita kusoma, naye atakusomea mkishamaliza kula. Jina lako sikuliweka. Ila wenye karatasi kama yako ni wengi, wanawake wawili wa kwaya yetu wameshanionyesha za kwao, na wao pia wasome.

Nianze na kosa langu. Ulipotoka Kigali ulinitumia kwa WhatsApp picha ya ripoti ya mamografi, ile eksirei ya matiti. Nilikuwa na rundo la daftari za kusahihisha. Nikasoma mstari wa kwanza, kile Kifaransa cha waganga wa hospitali, kwamba hakuna kitu cha kutia shaka, nikakujibu "Mungu ni mwema" na ile mikono ya sala. Aliyekupa matokeo kule koridoni naye alikwambia hivyohivyo, kwa dakika mbili, huku akimwita mgonjwa mwingine. Ukaikunja karatasi, ukaifunga kwenye pindo la kikwembe pamoja na franka zako, ukarudi Kadutu kuuza unga.

Jumapili nilipokuja kwako ndipo nikaiona karatasi yenyewe, imelala chini ya chupa ya dawa ya kijani, ina duara la unyevu katikati. Nikaisoma yote. Chini kabisa, juu ya sahihi, imeandikwa: "Seins denses, type c. Complément échographique souhaitable." Yaani matiti ni mazito, daraja C, na inafaa kuongeza ekografi, kile kipimo cha mawimbi ya sauti. Mstari huo hakuna aliyekutafsiria. Hata mimi, ninayejiita mwalimu wa biolojia.

Ukanicheka: "Mazito wapi, na watoto watano wameyamaliza?" Yaya, uzito huu haupimwi kwa mkono. Titi linaweza kuwa laini kabisa na bado picha ikatoka nyeupe tupu. Ndani ya titi kuna mafuta, kuna tezi za maziwa, na kuna nyuzi zinazozishikilia hizo tezi. Kwenye mamografi mafuta hutoka meusi, tezi na nyuzi hutoka nyeupe. Na uvimbe wa kansa, kansere tunayoiogopa hata kuitaja, nao hutoka mweupe.

Wewe unauza unga wa muhogo, hili unalijua kuliko mimi. Unga ukitandazwa kwenye sinia, punje ya chumvi ikiangukia humo, jicho litaionea wapi? Nimekutazama mara ngapi ukipitisha kiganja polepole, vidole vinasimama, unatoa kijiwe cheupe ambacho mteja alikuwa anakikodolea macho asikione. Na kabla ya Kigali uliniambia mwenyewe kwamba vidole vilisimama: titi la kushoto, kuelekea kwapani, kitu kigumu kama harage. Ndicho kilichokupeleka kupiga picha. Picha haikukiona. Haikusema kimeondoka. Nilikuuliza Jumapili kama bado kipo, ukaanza kunikunia mwiko kwenye sufuria ya sombe.

Ekografi haitumii eksirei, inatumia sauti, na huko rangi hugeuka: tezi hutoka na weupe, uvimbe mbaya mara nyingi hutoka mweusi. Ndiyo sababu yule mganga aliandika ule mstari. Hakuandika kwa kupenda kuandika.

Sasa hiyo chupa. Muuzaji amekwambia matiti mazito ni homoni chafu zilizoganda, na dawa yake inasafisha ini mpaka zitoke. Nakiri, ni mjanja, maana ameanzia kwenye kweli. Homoni na kansa ya titi zinajuana siku nyingi. Mwaka 1896, huko Glasgow, daktari George Beatson aliandika kwamba alitoa ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, za mama aliyekuwa na kansa ya titi, na uvimbe ukasinyaa. Neno "homoni" lenyewe lilikuwa halijatungwa, lilikuja 1905. Na ni kweli pia kwamba ini ndilo linaloivunja estrojeni, ile homoni ya kike: linaibadilisha, linaifunga, linaitoa kwa nyongo na kwa mkojo. Ile inayopita kwa nyongo, bakteria wa utumbo huifungua sehemu yake ikarudi kwenye damu. Ukikoma hedhi na ovari zikapumzika, mafuta ya mwili yanaendelea kutengeneza estrojeni kidogokidogo. Hayo ninayafundisha kila mwaka kwa chaki.

Lakini kutoka hapo hadi chupa yake kuna mto hauna daraja. Estrojeni si uchafu, ni mwili wako unafanya kazi. Halafu kiasi cha estrojeni kwenye damu na uzito wa titi ni mambo mawili, kila moja lina hesabu yake katika hatari ya kansa. Sehemu kubwa ya uzito huo hurithiwa. Utafiti wa mapacha wa Australia, Kanada na Marekani uliotolewa 2002 ulionyesha kwamba karibu 60% ya tofauti kati ya wanawake hutoka kwenye damu ya ukoo. Pengine umelipata kwa mama, kama lile paji la uso ambalo sote watatu tunalificha kwa kitambaa. Utalisafisha kwa chupa? Ninachoogopa zaidi si hata majani yaliyomo. Ni huu mwezi mzima ambao umekuwa ukijiona uko kwenye matibabu.

Mama mdogo naye ana hoja yake: aliyenyonyesha sana hapati kansa ya titi. Ana nusu ya haki. Mwaka 2002 watafiti waliunganisha tafiti 47 za nchi 30, wakakuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa takriban 4.3%, na kila uzazi kwa 7%. Wewe na watoto wako watano, kila mmoja karibu miaka miwili kifuani, una akiba nzuri. Akiba haizuii mwizi kuingia. Kasiksi ya Jumapili, kwa upande mwingine, inaongeza hatari, kwa kuwa pombe hupandisha estrojeni. Ungetaka kweli kulisaidia ini lako ungeanzia kwenye kibuyu hicho. Lakini hilo tutagombana siku nyingine.

Na daraja C lisikutishe. Madaraja ni manne, A hadi D. Ile habari ya hatari mara nne na zaidi uliyosomewa kwenye simu ni ya kulinganisha mazito kabisa na yale yaliyo karibu mafuta matupu. Marekani karibu nusu ya wanawake waliofikisha miaka 40 wamo C au D, na tangu Septemba 2024 kila kituo cha mamografi kule kinalazimika kumwambia mwanamke, kwa maandishi, kama matiti yake ni mazito au la. Wewe uliandikiwa pia. Tatizo likawa lugha, na haraka yetu.

Hicho kiharage kinaweza kuwa kifuko cha maji tu, au uvimbe usio na neno. Vingi huwa hivyo. Ekografi itaonyesha kama ni maji au ni nyama. Wakisema nyama, watataka kuchoma sindano na kupeleka kipande maabara. Utakubali. Mimi nitakuwa nimekushika mkono, na hutapiga kelele kuliko ulivyopiga kwa kitinda mimba.

Alhamisi nakuja Kadutu asubuhi na mapema twende ekografi, kabla wachuuzi hawajajaa njiani. Binti yangu atakaa kwenye meza yako, bei za kopo anazijua, na hatoi nyongeza kwa kila anayelia kama unavyotoa wewe. Beba karatasi na ile filamu kubwa, usiikunje. Chupa iache. Vaa blauzi ya vifungo, si ile gauni ya harusi ya mtoto wa jirani inayovuliwa na watu wawili. Na beba kitambaa kikavu, maana ile jeli wanayopaka ni baridi na wao hawafuti vizuri.

Mdogo wako