Mhariri, msiba wa hadithi yenu umeisha haraka mno

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kibirizi, Kigoma. Mi ni mama wa dagaa, na gazeti lenu huku linatufikia likiwa limeshapoa ila tunalisoma hivyo hivyo, tena la Jumamosi tunalisoma kwa sauti pale kwenye vichanja vya kuanikia dagaa maana wenzangu wengine macho yanawasumbua, na wanachotaka kusikia sio siasa wala mpira, wanataka ile hadithi yenu ya mfululizo ya jamaa aliyezama ziwani. Sasa wamenituma niandike. Kusema ukweli nimejituma mwenyewe ila hakuna aliyekataa.

Hadithi ni tamu, hatubishi. Ishu ni msiba. Mtumbwi umezama toleo la tatu, toleo la nne mwandishi katupa mistari kama sita hivi, nyumba nzima imegubikwa na simanzi, mama analia, mke analia, watoto wanalia, majirani wanalia, basi imetoka hiyo, toleo la tano mjane yuko Dar anakunywa juisi na yule mpelelezi wa miwani myeusi. Jamani! Hata masufuria ya watu ya kwenye matanga hayajarudishwa.

Afu haya ya ziwani niyaseme chapchap niyaache. Mmeandika walikuwa wanavua dagaa usiku wa mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa gizani, taa ndo inawaita, mwezi ukiwa mpevu watu wanapumzika, wanashona nyavu zao. Na yule mzamiaji aliyeshuka mpaka chini katikati ya ziwa akaiona maiti, hivi mnajua Tanganyika penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470? Huyo ni mzamiaji au jini? Ila mi hapo ndo naona mwandishi kajinyima mwenyewe, maana mtu akizama mbali na ufukwe anaweza asionekane kabisa, na asipoonekana ndo utajua nyumba moja ina misiba mingapi.

Chukua huyo mke. Kwa sisi Waislamu mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, kama ana mimba ni mpaka ajifungue, na inahesabiwa tangu mume alipofariki. Sasa maiti haipo, aanze kuhesabu lini? Siku mtumbwi ulipotoka, siku walipookota dumu la mafuta linaelea, au siku wazee walipokubaliana kwamba basi tena? Huku mama mkwe anamwangalia jicho la "wewe umeshamzika mwanangu", kule mashehe wanaulizwa, shangazi ana lake, na yeye hajui hata asubuhi ajifunge kitenge gani kisizue maneno. Mwanamke wa hivyo hata sokoni anaogopa kwenda, nyie mmempandisha treni kwenda Dar.

Mama mzazi naye ni mwingine kabisa. Namjua mmoja, sitasema wa wapi, arobaini ya mwanae ilisomwa watu wamejaa mpaka barabarani yeye yuko uani anaanua nguo. Na kila mwezi alikuwa ananunua vocha ya mia tano anaituma kwenye laini ya marehemu (kwake sio marehemu) isije ikafungwa. Watu wakasema kachanganyikiwa. Kachanganyikiwa wapi, kwenye hesabu za dagaa alikuwa anatupiga wote na chenji anakumbuka ya wiki iliyopita! Akili zake zote timamu, kasoro hapo kwenye laini tu, na hapo alikuwa hataki mtu aguse.

Baba wa kwenye hadithi mmemfanya anaanguka chini kwa presha. Mababa ninaowaona mimi hawaanguki, wanauliza mashine. Mashine ya boti imepona? Nyavu je? Na mke wa marehemu akimsikia mkwe anaulizia mashine wakati mumewe hajaonekana hatamsamehe mpaka kiama, na kwa upande wake ana haki, ila huyo mzee kuna mkopo wa mashine anaujua yeye na mwanae tu, na hilo swali ndo pekee linaloweza kumtoka mdomoni bila kulia. Mwandishi angewakalisha hawa wawili kwenye sebule moja tu, mbona tungesoma mpaka usiku.

Ila anayeniuma zaidi ni yule mdogo mtu aliyepona. Nyie kapona, kaapa kulipa kisasi, kashika panga. Mi nauliza, alipona vipi? Maana hilo ndo swali ambalo kila anayeingia kutoa pole atamuuliza, na hata asiyeuliza atamwangalia hivyo. Mlikuwa wangapi, dumu alishika nani, ulimwona mara ya mwisho wapi, na yeye anarudia stori ile ile mara ishirini kwa siku mpaka inaanza kufanana na uongo hata masikioni mwake mwenyewe. Mama anamkumbatia sana kisha ghafla hataki kumwona. Mnakumbuka mwaka 2024 serikali ilipofunga ziwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wapumzike? Sisi tulilia njaa hapa, lakini kijana kama huyo kwake ingekuwa nafuu kubwa, miezi mitatu hakuna anayemuuliza kwanini huendi ziwani, wote wamekaa, anacheza bao na wenzake kama kawaida. Afu inafika Agosti, mitumbwi inasukumwa, na wote mwaloni wanageuka kumwangalia. Hapo mngeweka ITAENDELEA yenu nani angelala?

Msiniambie wasomaji hawataki mambo ya ndani ya nyumba. Kisa cha Nabii Yusuf huku kila mtoto anakijua, wa madrasa na wa Sunday school, na hicho sio hadithi ya kubuni najua, ila angalia msiba ulivyokaa mle ndani. Mtoto mmoja kapotea, ndugu zake wanarudi jioni kwa baba wanalia na kanzu yenye damu ya uongo, wanalia kweli mbele ya watu na wanajua walichofanya. Mzee Yakubu analia mpaka macho yanakuwa meupe, watoto wanamwambia utaendelea kumtaja Yusuf mpaka ufe? Miaka imepita na nyumba hiyo bado imegawanyika vile vile, anayelia na anayechoka kusikia kilio.

Na msiba wa wengi nao uandikwe kivyake. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kule kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 taifa liliomboleza siku 4, bendera nusu mlingoti, kisha bendera zikapanda. Sasa fikiria fundi mmoja wa kivuko alitolewa mle ndani akiwa hai baada ya kama siku mbili. Nchi nzima tulishangilia, mi mwenyewe nilipiga kigelegele. Ila kama wewe ni mama umesimama pale ufukweni na mwanao hajatoka, na ulikuwa umeshaanza kukubali, unaanza tena kungoja. Jirani yako wakati huo huo kaletewa wake kwenye jeneza na anakwambia afadhali wewe. Na nani atampikia nani uji hapo wakati kila mlango una wake? Mtu akizama peke yake huku Kibirizi wote tunahamia kwake na unga na kuni, kisiwa kizima kikifiwa inakuwa habari nyingine.

Simfundishi mtu kazi, ye anaandika mi nauza dagaa. Tunachoomba ni matoleo mawili tu ya hapo nyumbani kabla hamjarudi kumkimbiza huyo tajiri wa boti, ambaye tangu toleo la pili tunajua ndo muuaji.

Na kuna mtoto wa darasa la tatu mmemwacha kwa bibi yake toka toleo la nne, mpaka leo hakuna aliyemwambia baba yake yuko wapi. Wamama wa vichanja kila Jumamosi wanauliza habari zake kwanza. Tena karabai mzitoe kwenye ile michoro, siku hizi wengi wanatumia taa za sola.

Mama wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma