Juu hawachumi ua, huku chini wanavunja masale

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Marangu, na kihamba changu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kipo kando ya njia ya miguu inayoteremka kwenye maporomoko. Wageni wanaotembezwa kijijini kabla ya kupanda Mlima Kilimanjaro, au wakishashuka, nawaona karibu kila siku. Siwachukii. Kahawa yetu wanaisifu kuliko sisi wenyewe, na wapo vijana hapa waliojenga kwa hela ya mlima.

Jumanne iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba nakatia ng'ombe majani, nikasikia watu ndani ya migomba. Hodi sikusikia. Nikatoka na mundu mkononi. Walikuwa tisa, na kiongozi wao ni kijana niliyemfundisha darasa la tatu. Njia ilikuwa inateleza kwa mvua, basi akaamua kuwakatishia katikati ya kihamba. Walikuwa wamepenya kwenye uzio wa masale, mimea yetu ya mpakani, mashina mawili yamelala chini. Mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa juu ya kaburi la baba mkwe wangu, anafunga kamba za viatu.

Huyo mama namtetea. Kaburi la mume wangu lina vigae na msalaba, hata mtoto analijua. La mzee ni la zamani, mawe machache na masale yaliyolizunguka. Mgeni ataona ni pahali pazuri pa kupumzika. Nilipomweleza kwa Kiingereza changu cha ubaoni aliruka kama aliyekalia siafu, uso mwekundu, akaomba radhi mpaka aibu ikanishika mimi. Mwenzake alikuwa amechomeka jani la isale kwenye kofia. Nani kamchumia? Kiongozi.

Na kiongozi anajua. Mchagga yeyote aliyelelewa na bibi anajua kwamba isale ni mpaka wa kihamba, ni alama ya kaburi, na ndilo analolibeba mtu aliyekosa anapokwenda kuomba msamaha. Ukiletewa isale, humfukuzi aliyelileta, hata kama moyo bado unachemka. Si pambo la kofia.

Nilipomuuliza akanijibu, "Mwalimu, ni wageni tu hawa, wanatuletea hela." Wageni sikuwa nimewauliza kitu. Nilimuuliza yeye.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kijana huyuhuyu akivuka geti la hifadhi anakuwa mtu mwingine kabisa. Kule hakubali mgeni achume hata ua. Hatoki nje ya njia. Mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, unawekwa kwenye mizani usizidi kilo 20, naye anasimamia. Akifika na wageni kwenye ile misenesio, mimea mirefu ya mlimani, kule kambi ya Horombo anawaeleza kwamba aina ile haioti popote duniani isipokuwa mlima huu, nao wanaipita kwa heshima kama wako kanisani. Wakirudi huku kwenye migomba, adabu imebaki getini. Hifadhi ina askari. Mimi nina mundu, tena wa kukatia majani.

Mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, nao ni hivyohivyo. Zamu yangu ya maji ni Alhamisi, na maji hayo ndiyo yanayomwagilia mboga na kunywesha ng'ombe. Nimekuta watu wanaoshea humo viatu vya tope huku kiongozi akisimulia jinsi wazee wetu walivyokuwa mafundi wa kuchimba mifongo. Sifa tunapewa, tope tunaachiwa.

Halafu salamu. Mama mkwe wangu ana miaka zaidi ya tisini, anaota jua mlangoni. Kijana wa kizungu akampungia mkono: "Mambo, bibi!" Bibi akanigeukia kuniuliza, mambo gani? Kijana yule kafundishwa hivyo, naye kasema kwa furaha zote. Shikamoo ina silabi nne. Anayeweza kutamka Kilimanjaro ataiweza.

Sidai fidia, wala sitaki kijiji kifungwe. Nawaomba wenye kampuni za utalii, ambao wengi ni watoto wetu na wana vihamba kama hivi wanavyovirudia kila Krismasi: mnapowafundisha viongozi wenu dalili za ugonjwa wa kupanda juu sana mlimani, wafundisheni na hili. Njia ikiteleza, wazunguke kwa barabara. Wakitaka kuingia kihambani, wasimame nje ya masale wapige hodi, na wakijibiwa "leo hapana," waende kwa jirani. Picha ya bibi ipigwe bibi akikubali. Mama mkwe wangu, kwa taarifa yenu, huwa anakubali, ila anataka kwanza avae kilemba.

Yule kiongozi, kijana wangu wa darasa la tatu, alikuja Jumapili baada ya ibada. Alileta kilo mbili za sukari, akakaa, akanywa chai, tukaongea habari za mvua na bei ya kahawa. Sukari nimeipokea. Isale sijaliona.

Mwalimu mstaafu,
Marangu, Kilimanjaro